Kilemba Nilichokufunga Sikioni

Zuhura mwanangu,

Kabla ya yote, kumbuka unaandikiwa na nani. Mkono ulioshika kalamu hii ndio uliowavalisha mabalozi wa Kiyovu. Tangu uhuru hakuna karamu kubwa iliyofanyika Kigali ambayo suruali zake hazikupita kwenye cherehani yangu. Na siku yenyewe ya uhuru, mimi nikiwa kijana ambaye ndevu hazijaota, ndiye niliyekunja pindo la bendera iliyopandishwa uwanjani. Saidi, fundi mwenzangu wa barazani, anasema ni uongo. Saidi anashona mito. Na wengine waliokuwepo siku ile usiwaulize, wote wamekufa.

Nimeanza hivyo ili ucheke kidogo, maana jioni hii hukucheka. Ulilisukuma begi lako chini ya kitanda kwa mguu, ukasema, "Mjomba, mimi siendi," ukageukia ukutani ukalilalia lile sikio zima ili usisikie jibu langu. Nilijibu hivyo hivyo. Nilisema mpaka mate yakakauka, nikataja na simba wawili waliompisha njia babu yangu alipokuja toka Ujiji na cherehani kichwani, na najua hukusikia hata neno. Basi nimechukua karatasi. Karatasi huwezi kuilalia.

Habari za sabuni na viatu na nini utakula njiani sitazigusa. Mama mdogo wako Amina amekuja toka Butare kukuchukua, na yeye akianza kuagiza hata cherehani inasimama. Utakaa kwake, utatibiwa, utasoma hukohuko mpaka sikio lipoe. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kwamba kesho asubuhi upande basi. Nimelizungukia jambo hili tangu alasiri kama mtu anayetafuta tundu la sindano gizani, kwa sababu huwezi kumwambia mtoto "nenda ukakatwe" kabla hujamwambia ni nani aliyemfikisha hapo.

Mama yako, dada yangu, alipofariki ulikuwa hujaota meno ya mbele. Nikakuleta hapa Biryogo kwa bibi yako na kwangu. Ulikuwa mtoto wa kamasi. Mvua ikinyesha, kamasi. Jua likiwaka, kamasi. Ulikuwa unalala mdomo wazi, unakoroma kama dereva wa lori, na mimi barazani nikawa najisifu: "Mpwa wangu ana miaka mitatu, mkoromo wake unatisha wezi." Watu wakacheka. Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto anayekoroma hivyo kila siku hapati hewa puani. Na angeniambia, ningemwambia mimi nimelea watoto kumi, na ulikuwa wewe peke yako.

Juzi juzi tu ndiyo yule daktari kijana alinichorea kwenye karatasi. Alisomea ng'ambo ya ziwa, Bukavu, basi Kiswahili chake kinapita. Akaniambia nyuma ya pua kuna mfereji mdogo unaokwenda ndani ya sikio. Kwa mtu mzima ni mrefu na umeinama, uchafu unashuka. Kwa mtoto ni mfupi na umelala, na nyuma ya pua kuna vinyama vinavyovimba na kuuziba. Kamasi zinakaa, zinaoza, zinasukuma ile ngozi nyembamba ya sikioni mpaka inatoboka. "Ndiyo maana watoto wanaumwa masikio kuliko sisi, mzee. Mungu hajamaliza kuinua ule mfereji." Nilimtazama nikafikiri: kijana huyu anaeleza kama fundi. Nikaona na wivu.

Lakini wakati ule sikujua mfereji wala nini. Nilijua tu kwamba ukiitwa kwa nyuma huitiki. Maalim wa madrasa akaja mpaka barazani. "Kasimu, huyu binti yako ana kiburi. Namwita mara mbili, mara tatu, ananipa mgongo." Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Kiburi ni cha ukoo, Maalim. Hata babu alikuwa haitiki hovyo." Saidi akacheka mpaka akajichoma sindano. Nawe ulikuwa umesimama pale pale mlangoni, viganja vyekundu kwa fimbo, unatutazama midomo yetu mmoja baada ya mwingine. Sasa ndiyo najua ulikuwa unatafuta neno midomoni. Wakati ule niliona mtoto mwenye macho makubwa tu.

Halafu likaanza kutoa usaha. La kushoto. Hapa Biryogo kila mtu ana dawa ya sikio la mwenzake: huyu majani ya kukamua, yule mafuta ya moto, na mimi fundi mkuu nilishakuja na kikopo cha mafuta ya cherehani, nikasema kama yanalainisha chuma yatashindwaje na sikio, bibi yako akaninyang'anya. Likawa linatoa wiki mbili, linakauka. Mafua yakija, linaanza tena. Kila likikauka nilitangaza: "Limepona!" Nilitangaza sijui mara ngapi, mwanangu. Kwa hiyo jioni hii uliposema, "Limekauka, Mjomba, kwa nini nikakatwe?" nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako, na ndiyo maana nilianza kupiga kelele.

Sasa nifike pale ambapo kalamu haitaki.

Ulikuwa na miaka saba. Ulirudi madrasa umeshika juzuu yako kifuani, ukaniambia wasichana wamehamisha mikeka yao mbali na sikio lako. Hukulia. Ulisema, "Mjomba, nifunike." Mimi, badala ya kukushika mkono nikakupeleka hospitali, nilichukua mkasi. Nilikata kitenge cha bluu kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja, nikakikunja mara tatu upande wa kushoto, ndani nikaweka kipande cha pamba, nikazungusha, nikafunga fundo juu ya sikio likakaa kama ua. Nikakusimamisha mbele ya kioo. Ukacheka. Wallahi kile kicheko chako ndicho kilichoniharibu.

Siku ya pili wanawake wanasimama barazani. "Fundi, kile kilemba cha yule mtoto, nifungie na mimi." Mwezi haukuisha, kila arusi Nyamirambo ilikuwa na Kilemba cha Zuhura. Wakaja wake za wafanyabiashara, wakaja wa Kiyovu na magari. Wao wakanivisha mimi kilemba cha ukoka nami nikakivaa. Wakati wote huo mji mzima umejifunga fundo juu ya sikio la kushoto, na hakuna hata mmoja aliyejua fundo lile limewekwa pale kuficha nini, isipokuwa mimi, wewe na bibi yako.

Bibi yako alisema. Nataka ujue kwamba alisema. "Kasimu, hilo sikio linalia, na wewe unaliziba mdomo." Nikamwambia, "Mama, wewe hujui mitindo."

Mwanzoni nilikuwa nakubadilishia pamba mwenyewe kila asubuhi. Ulipokua ukaanza kufunga mlango, ukajifunga mwenyewe, na mimi nikaacha kuangalia kilichomo. Nikawa naangalia fundo. Likipinda nakurekebishia. Fundi gani huyo, anayenyoosha pindo na nguo inaoza ndani?

Kisha ile Ijumaa ya masika. Sehemu yake unaikumbuka na sehemu yake homa ilikuficha, basi acha nikusimulie nilivyoiona.

Tulitoka baada ya swala kupeleka magauni ya Madamu, mteja wangu mkubwa kule Kiyovu. Njiani ulishika ukuta mara mbili. Ulisema barabara imeinama. Nikasema, "Ni kilima, mwanangu, Kigali yote imeinama." Ulitapika kando ya mtaro, nikasema ni mihogo. Tukafika. Madamu akatukaribisha verandani, ukakaa kwenye ncha ya kiti, uso una rangi ya majivu, mimi natandaza magauni na kusifu kila uzi.

"Fundi Kasimu," akasema, "ndiye huyu mwenyewe wa kilemba?"

"Ndiye, Madamu. Kimetoka kichwani mwangu kikaenda kichwani mwake."

"Haya mufungue, nione kinafungwaje. Yangu inalegea kila saa."

"Madamu, hicho hakifunguliwi hivi hivi. Kina siri ya ufundi."

"Eh! Nguo iko na siri?" Akacheka. "Yewe fundi, nimekulipa miaka hii yote, unanificha fundo?"

Nikasema nitamfunga yeye mwenyewe, au nimfunge mpishi wake, au nijifunge mimi. Wewe ulinitazama. Ulitikisa kichwa kidogo, kidogo sana, na kule kukitikisa kukakufanya ufumbe macho. Nikadhani unaniambia nisikubali. Huenda ulikuwa unaniambia kitu kingine. Mpaka leo sijakuuliza. Nikasema utani mwingine. Madamu akacheka, lakini alikuwa amekwisha kusogea karibu nawe, na kicheko chake kikakatika katikati.

"Hii harufu ni ya nini?"

Hakusubiri mimi. Mama yule amezaa watano. Akaweka mkono mmoja kwenye paji la uso wako, na kwa ule mwingine akavuta fundo langu, likafunguka mara moja, maana kusema kweli halikuwa na siri yoyote. Pamba ikaanguka sakafuni. Sikio lako lilikuwa limesukumwa mbele, limesimama peke yake, na nyuma yake nyama imevimba, nyekundu, inang'aa kama yai la njiwa.

"Mana yanjye!" Akamwita Mungu wake kwa Kinyarwanda, akanigeukia. "Fundi! Mtoto anakufa, wewe unanionesha fundo?"

Nilikuwa bado nimeshika gauni lake kwa mabega, mwanangu. Nililishika hivyo, limening'inia, mpaka dereva wake alipokuja na gari.

Ndani ya gari ulikaa kuliani kwangu, kichwa begani pangu. Nilimsimulia dereva habari za mabalozi. Nilimsimulia bendera. Midomo ilikuwa inakwenda yenyewe, kwa sababu ningenyamaza ningesikia unavyopumua. Dereva akasema, "Mzee, nyamaza kidogo. Mtoto anakuambia kitu." Nikamuuliza, "Amesema nini?" Akanitazama kwenye kioo, akashangaa, maana mdomo wako ulikuwa hapa, begani. Akasema, "Anasema magauni ya Madamu yameachwa chini, yatachafuka."

Hospitalini muuguzi aliuliza kwanza yeye. "Huyu mtoto iko hivi tangu lini?"

"Tangu jana," nikasema.

Akanusa, akaangalia, akaweka kalamu chini. "Mzee. Tangu lini? Usitudanganye, daktari atapima dawa kwa maneno yako."

Watu walikuwa wengi kwenye lile benchi. Mmoja alikuwa mteja wangu, amevaa koti nililomshonea mimi. Nilitaka kusema tena tangu jana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikakuona mkono wako unatafuta kilemba kichwani, unapapasa, hakipo, na unajaribu kuliziba sikio kwa kiganja watu wasilione.

Nikasema, "Tangu alipokuwa na miaka saba."

Yule muuguzi hakunitukana. Aliandika tu. Ningependa angenitukana.

Wakakupasua kidogo nyuma ya sikio, usaha ukatoka, wakakuchoma sindano asubuhi na jioni, na homa ikashuka polepole, na mimi nikakaa nje ya wodi nikimwambia kila anayepita kwamba ukoo wetu hauumwi. Ndipo daktari akaniita ndani, akachora. Nyuma ya sikio, akasema, kuna mfupa wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki. Kwa miaka hii yote ngozi imeingia ndani kwa lile tundu, ikaota mahali isipotakiwa, na inakula ule mfupa kidogo kidogo. Akaweka ncha ya kalamu juu ya mchoro. "Hapa ni paa, mzee. Jembamba kama karatasi hii. Juu ya paa ni ubongo."

Nikamuuliza kama dawa zimemaliza kazi.

"Dawa zimezima moto. Mwenye kuwasha bado yumo ndani. Litakauka, mtafurahi, halafu siku moja litapita paa." Akasema lazima aende Butare, kwa daktari wa masikio, afungue mfupa, aondoe yote.

"Na atasikia?"

"Kwa hilo la kushoto sikuahidi. La kulia ni zima. Tunachotafuta kwanza ni uhai."

Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza, na unajua kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kushona koti lenye bitana.

Jioni hii uliniuliza mambo mawili kabla hujageukia ukutani. Uliuliza kama watakunyoa. Watakunyoa, upande mmoja, nyuma ya sikio. Zitaota. Na uliuliza, "Nikilazwa usingizi wao, nisipoamka?" Hapo ndipo nilipokimbilia simba na cherehani ya babu. Ungenisubiri ningekuambia hata malaika ni wateja wangu.

Jibu lenyewe ni sijui. Neno hilo sijawahi kuliandika, angalia nimeliandika vibaya, nimelifuta mara moja. Daktari anasema wengi wanaamka. Anasema wasiotibiwa wengi hawaendi mbali. Ningekuwa na kitambaa cha kufunika hapo ningekikata. Sina. Nina hofu, Zuhura, hofu ya kukusukuma kwenye basi kwa mikono hii hii iliyokufunga. Lakini nikikuacha ubaki kwa sababu unaniomba, nitakuwa nimechukua mkasi mara ya pili. Mara ya kwanza uliniomba nikufunike, nikakufunika, na tukafurahi wote wawili.

Kwenye begi utakuta mtandio mweupe. Haukazwi, hauna fundo, unavuliwa kwa mkono mmoja. Saidi alipouona aliniuliza, "Huu nao mtindo gani? Unafanana na shuka." Nikamwambia ashone mito yake. Ukiingia kwa daktari, uvue mwenyewe kabla hajakuomba. Na huko shuleni, ukipangiwa nyuma, mwambie mwalimu: sikio langu ni hili moja, niweke mbele. Watacheka siku mbili. Usiitikie kitu ambacho hukukisikia, mwanangu. Ukiitikia leo, kesho itabidi uitikie tena, na keshokutwa unajikuta mtu mzima unaitikia mji mzima.

Na mimi najua habari hiyo.

Daktari alipomaliza kuchora, alizunguka meza akasimama kuliani kwangu, akaniambia jambo. Nikamjibu kwamba suti ya vipande vitatu ni bei nafuu akileta kitambaa mwenyewe. Akarudi mbele yangu, nikaona midomo yake: "Mzee, na wewe kaa kwenye hicho kiti, nikuangalie." Nikasema nina wateja wananisubiri. Nikatoka kwa mlango usio wenyewe, nikajikuta chumba cha kufulia mashuka, nikasimama humo mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimeleta shuka au nimekuja kuiba.

Sikio langu la kulia halisikii. Halijasikia tangu utotoni. Nalo lililia hivyo hivyo, likakauka, wakasema limepona. Ndiyo maana kiti changu barazani ni kile cha kona, ukuta kuliani, nikawaambia watu ni kiti cha mkubwa. Ndiyo maana nasema sana. Mtu akisema yeye, haulizwi. Hata bibi yako hajui kwamba halisikii.

Kesho pale stendi, Nyabugogo, patakuwa na kelele, makuli, honi, wauza chapati. Ukitaka kuniaga, njoo kushoto kwangu. Tukisimama hivyo, sikio lako zima litakuwa upande wa langu zima. Ukisimama kulia nitatikisa kichwa tu na kutabasamu, kama nilivyozoea, na sitajua kama umesema unakwenda au huendi.

Mjomba wako,
Kasimu